Mshale

Mizani ya ghala letu, hapa Mkunya, Newala,
ni ya zamani, ina uso kama saa ya ukutani.
Kila asubuhi, magunia hayajashushwa,
huitazama ikiwa tupu.
Tupu, na bado mshale unatetemeka.
Ni upepo wa bondeni, unapanda kutoka Ruvuma
na kupenya chini ya mlango.
Ukiushika kwa kidole, mshale unanyamaza.
Ukiondoa kidole unaanza upya,
kwa hasira zaidi.

Ndivyo nilivyolala msimu mzima wa korosho,
kama kule ni kulala.
Saa nane usiku nahesabu mabati.
Ya chumba chetu ni kumi na saba, hayazidi;
nayarudia nione kama yamezaa.
Akili inatoka peku, inakwenda ghalani,
inafungua daftari, inarudi, inatoka tena.
Fadhina mke wangu akanichemshia mchaichai,
akanifundisha kuvuta pumzi:
vuta mpaka nne, shusha mpaka nne.
Nikifika nne sisimami.
Tano, sita, saba,
na daima naishia pale pale:

kumi na nane.

Maana siku ile gunia la Somoe Nankuta
lilisoma themanini na sita,
na mkono wangu, uliochoka,
(uliochoka, au uliokuwa unajibu simu)
ukaandika sitini na nane.
Tarakimu mbili zilipishana mlangoni
kama majirani walionuniana.
Akaweka dole gumba. Wino wa buluu.
Nililiona kosa wino haujakauka,
lakini foleni ilikuwa ndefu, nikasema, baadaye.
Baadaye akanifuata nyumbani,
akatandika mkeka wake kichwani mwangu.

Nani atajua?
Swali hilo nililibembeleza wiki sita
kama mtoto mwenye homa.
Niliomba pia. Niliomba utulivu,
ujasiri sikuuomba,
kisha nikashangaa sijibiwi.

Ijumaa moja nikaenda.
Njia nzima ilinuka mabibo yaliyochacha,
nzi wamelewa, mimi sina hata cha kunilewesha.
Nilimkuta uani akimenya muhogo wa makopa,
mguu mmoja kaunyoosha,
redio imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Nikayasema yote mbio mbio, kama atapikaye.
Nikangoja matusi. Nikangoja, kusema kweli,
msamaha.

"Kumi na nane?" akasema. "Mimi nilipata ishirini.
Nina debe langu."

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza.
Kumbe tulikuwa wawili macho, usiku uleule,
kila mtu na mabati yake.

"Hela utaleta lini?"
"Kesho."
"Basi shika kisu. Usinikalie kama mgeni."

Ganda la muhogo lina tabaka mbili.
Ukikwangua la juu utakwangua mpaka jioni.
Ukilipata la ndani, lile la waridi,
ukalipasua urefu wake na kupenyeza dole gumba,
linatoka zima, kama soksi.
Nilimenya mmoja, nikaharibu wa pili,
Somoe akacheka kwa pua, akaongeza sauti ya redio:
mtu alikuwa anatangaza vifo vya Masasi.
Kuku akapita juu ya mguu wangu.
Sijui niliacha kuhesabu kwenye muhogo wa ngapi.

Hela nililipa, za ishirini, sikubishana.
Chama kikanipa barua ya onyo, iko chini ya godoro.
Na siwezi kudai kwamba siamki tena.
Naamka. Mabati bado kumi na saba.
Nayasalimu, nageuka upande wa pili.

Leo asubuhi mshale ulitetemeka kama kawaida.
Sikuugusa.
Nilisukuma gunia tupu chini ya mlango,
nikakaa.
Nje mtu kashusha mzigo, anagonga,
anauliza kama tumefungua.

Subiri kidogo, nikamwambia.
Bado kidogo.